Binti yangu anafuta uso wake mpaka karatasi inatoboka

*"Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 13. Kwenye somo la sanaa wamepewa kazi ya kujichora kwa kutazama kioo, na wana wiki tatu. Kila jioni anakaa mbele ya kioo, anachora, anafuta, anachora, anafuta. Juzi karatasi ilitoboka kabisa penye macho, akaikunjakunja na kuitupa, mimi nikaiokota. Anasema mchoro haufanani naye. Mara nyingine anasema labda unafanana naye sana, ila yeye ndiye mwenye sura mbaya. Nikimwambia ni mrembo, ananijibu nasema hivyo kwa kuwa ni mama yake. Rafiki yake amefuatisha picha ya simu na kazi yake imetoka kama picha ya studio. Nimruhusu na yeye afanye hivyo? Na kusema kweli, sioni faida ya zoezi lenyewe. Kumkalisha mtoto wa umri huu ajitazame saa nzima si kumfundisha kujiona, au kumuumiza bure?"*

Marahaba, dada yangu. Ahsante kwa kuiokota hiyo karatasi, kwa sababu ndiyo iliyonieleza mengi kuliko maneno yote. Umeniuliza kama mtoto anaumia, kama kuna njia ya mkato ya halali, na kama zoezi hili lina faida yoyote. Nitafika kote huko, lakini niruhusu nianzie kwenye lile tundu.

Karatasi imetoboka penye macho. Haikutoboka kwenye kidevu wala kwenye nywele. Nimefundisha kuchora uso kwa miaka mingi na nimeona tundu hilo mara nyingi, mahali palepale. Maana yake ni kwamba mtoto alianza na macho, akayachora moja moja na kope zake zote, mboni ikang'aa vizuri, halafu akaendelea na pua na mdomo. Alipofika kwenye umbo la kichwa akagundua kuna kitu hakikai. Akafuta jicho, akalichora tena palepale, zuri kuliko la kwanza, na bado halikukaa. Ndiyo, jicho lilikuwa zuri, ila lilikuwa mahali pasipo pake. Mtoto anayetengeneza jicho mara kumi na mbili kwenye sehemu isiyo sahihi lazima atoboe karatasi, na lazima mwishowe aamini kwamba kasoro iko kwenye jicho lake mwenyewe.

Fanya jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Weka kidole gumba kwenye kidevu na ncha ya kidole cha kati kwenye pembe ya jicho. Sasa, bila kubadili upana huo, pandisha mkono: kidole gumba kiende kwenye pembe ya jicho, na cha kati kielekee utosini. Kitafika utosini, au karibu sana. Macho yamekaa katikati ya kichwa. Mtu akiambiwa hivi kwa mara ya kwanza hubisha. Karibu kila anayeanza kuchora huyaweka macho juu mno, kwa sababu mambo yote ya maana kwetu (macho yanayotutazama, mdomo unaosema nasi) yako nusu ya chini, na paji la uso na utosi havituambii kitu. Akili hukipa nafasi kubwa kinachoipa habari na kukibana kisichoipa. Matokeo yake ni uso mkubwa juu ya kichwa kisicho na bongo, na mtoto anajitazama pale karatasini anaona mtu wa ajabu.

Huo ndio ugumu wa kuchora uso. Mkono wa binti yako hauna shida. Mtoto wa miaka 13 anayeandika mwandiko unaosomeka ana mkono wa kutosha. Shida ni kwamba kila mmoja wetu anatembea na alama kichwani: jicho ni umbo la lozi lenye duara ndani, pua ni matundu mawili, mdomo ni mstari wenye pinde mbili juu. Alama hizo zinatusaidia kumtambua mtu haraka, lakini penseli ikishikwa zinajisukuma mbele na kuchorwa zenyewe, na kioo kinabaki pale bila kutazamwa. Mtoto mdogo wa miaka sita hana neno na hilo, anachora alama zake na anafurahi. Kwenye umri wa binti yako jicho la kukosoa linakua ghafla kuliko uwezo wa mkono, na wengi huacha kuchora kipindi hicho hicho, wakisema hawana kipaji. Mimi neno kipaji silipendi darasani. Linawafunga mdomo waliokosea na linawavimbisha kichwa waliobahatisha.

Sasa kuhusu kujiona. Kiswahili kimetenganisha vizuri kujiona na kujitazama, na zoezi hili ni la pili. Historia yake imejaa watu waliojichora kwa sababu isiyo na majivuno hata kidogo: hawakuwa na mtu mwingine wa kukaa kimya mbele yao. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alijichora zaidi ya mara 35, nyingi kati ya hizo alipokuwa Paris kati ya 1886 na 1888, na mwaka 1888 alimwandikia ndugu yake kwamba amenunua kioo kizuri makusudi ili ajichore, kwa kukosa mtu wa kumkalia. Anayekaa ili achorwe hulipwa, na mchoraji hela hana. Sura yako inapatikana saa yoyote, na ukiichora vibaya haitakununia. Ndiyo sababu hiyohiyo inayowafanya walimu waipende kazi hii: darasa la wanafunzi arobaini lina watu arobaini wa kuchorwa.

Rembrandt, Mholanzi mwingine wa karne ya 17, naye alijichora karibu mara 80, ukijumlisha picha za rangi, michoro ya kalamu na ile ya kuchapa kwa bamba la shaba. Za mwaka 1630, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, ni vipande vidogo ambavyo ungevifunika kwa kiganja. Mahali pengine amekunja uso, pengine anacheka, na kimoja amefumbua macho na kuachama kana kwamba mtu ameingia chumbani bila kubisha hodi. Alikuwa anajifunza jinsi mshangao unavyovuta misuli ya uso, ili akimchora mtu mwingine aliyeshangaa ajue la kufanya. Akiwa mzee alijichora tena na tena, pua imevimba, ngozi imelegea, na hakuficha kitu. Sidhani kama mtu anayejiona angefanya hivyo.

Kuna mchoro mmoja ambao ningependa umwonyeshe binti yako wiki hii. Mwaka 1484 mvulana wa Nuremberg, Ujerumani, aitwaye Albrecht Dürer, alikaa mbele ya kioo akajichora. Alikuwa na miaka 13. Alitumia kalamu yenye ncha ya fedha kwenye karatasi iliyopakwa rangi ya msingi, na mstari wa fedha haufutiki kwa urahisi kama wa penseli, ukishakosea, umekosea. Mchoro upo hadi leo kwenye makumbusho ya Albertina, Vienna. Ukiutazama vizuri utaona mkono mmoja unanyoosha kidole, na wa pili umemezwa na mkono wa vazi. Nadhani mkono uliofichwa ndio uliokuwa unachora: utauchoraje mkono ambao hautulii? Kijana amekwama, na amepata njia ya kukwepa. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye jina, aliandika juu yake kwamba alijichora hivyo kutoka kwenye kioo mwaka 1484 alipokuwa bado mtoto. Aliutunza. Miaka 16 baada ya mchoro ule, mwaka 1500, alichora ile picha yake maarufu akitazama mbele moja kwa moja, nywele zimemwagika mabegani.

Hao wote walikuwa na kioo cha namna fulani. Zamani zaidi watu walijitazama kwenye maji au kwenye shaba iliyosuguliwa. Vioo vya kwanza vya Ulaya vilikuwa vidogo na vimebinuka, na mafundi wa Murano, karibu na Venice, ndio waliosifika katika karne ya 16 kwa vioo bapa vyenye mgongo wa bati na zebaki, bidhaa ya matajiri. Kioo cha bei ya watu wa kawaida kilisubiri mpaka Justus von Liebig, mkemia Mjerumani, alipopata mwaka 1835 njia ya kupaka fedha nyuma ya kioo. Lakini hamu ya kuacha sura yako nyuma ni ya zamani kuliko kioo kizuri. Misri, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, mchonga sanamu wa Farao Akhenaten aitwaye Bak aliacha jiwe lenye sura yake na ya mkewe, na wengi wanaamini alilichonga mwenyewe. Tumbo lake limetokeza mbele bila aibu.

Turudi kwa mtoto. Lile la "mchoro haufanani na mimi" lina ukweli ndani yake ambao hajaambiwa: hakuna sura moja ya kufanana nayo. Sura anayoijua ni ya kwenye kioo, iliyogeuzwa kulia kushoto. Van Gogh alijikata sikio la kushoto Desemba 1888, lakini kwenye picha alizojichora mwezi uliofuata bandeji iko upande wa kulia, kwa sababu alichora alichokiona kiooni. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu picha zao za kawaida na zilizogeuzwa kama kioo. Wenye sura walielekea kupenda zilizogeuzwa, rafiki zao wakapenda zile za kawaida. Kila mmoja alipenda sura aliyoizoea. Kwa hiyo binti yako akiona picha yake ya simu na kusema "mdomo wangu umekwenda upande", mdomo wake uko vilevile ulivyokuwa asubuhi. Kilichobadilika ni upande.

Hapo ndipo ninapojibu lile la simu. Watu wengi wanaamini picha ya simu ndiyo ukweli na kioo ni ubahatishaji. Simu ikishikwa kwa mkono ina kasoro yake: iko karibu mno. Kilicho karibu na lenzi kinakua, kilicho nyuma kinasinyaa. Waliopiga hesabu wamekuta kwamba picha ya umbali wa sentimita 30 hivi huonyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ya mita moja na nusu, na masikio yanakimbilia nyuma. Ubunifu mmoja wa zamani unaonyesha jambo hilohilo kwa raha: Parmigianino, kijana wa Italia, alijichora karibu mwaka 1524 kutoka kwenye kioo mbinuko, na mkono wake uliokuwa karibu na kioo umetoka mkubwa kuliko kichwa. Yeye alifanya makusudi na kwa mzaha. Mtoto anayechora kutoka kwenye picha ya karibu anachora pua ambayo hana, kisha anailaumu pua.

Basi nimruhusu au nisimruhusu? Kama mwalimu amesema kioo, na afuate kioo, na rafiki yake ataulizwa na mwalimu wake. Kufuatisha picha kwa kuiweka chini ya karatasi kunatoa kazi safi, na aliyefuatisha anajua mambo mawili tu: pa kubonyeza na pa kuinua penseli. Mpe uso mwingine kesho, amekwama. Hata hivyo sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Picha ina faida moja ambayo kioo hakina, nayo ni kutulia. Kama wiki ya tatu imefika na mtoto amechoka, ipige picha kwa haki: simu iwe mita moja na nusu au mbili mbali, imeegemezwa mahali pa kimo cha macho, ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, mwanga wa dirisha utoke upande mmoja, na vile vichujio vya kulainisha ngozi vizimwe vyote. Atumie picha hiyo kuthibitisha vipimo, na amwambie mwalimu kwamba ameitumia. Kusema ukweli huo hakumpunguzii kitu.

Kuhusu kioo chenyewe, nadhani kwa sasa kinamsumbua kwa namna ambayo ni rahisi kurekebisha. Kila anapoinamisha kichwa kuchora, uso kiooni unahama. Anainua kichwa, anakuta kivuli cha pua kimebadilika, anarekebisha, anainama tena. Anafukuza kitu kinachokimbia. Asiweke karatasi mezani. Aisimamishe kwenye ubao au kitabu kigumu kando ya kioo, kimo kimoja nacho, ili yasogee macho tu na kichwa kitulie. Kama anachora kwa mkono wa kulia, kioo kikae kushoto kwake ili mkono usimzibe. Kisha achukue kipande cha sabuni kavu na aweke nukta juu ya kioo pale ncha ya pua yake inapoonekana. Akitoka kunywa maji na kurudi, anaipeleka pua kwenye nukta, na kila kitu kinarudi mahali pake.

Sabuni hiyohiyo ina mchezo mmoja ambao haujawahi kushindwa kulituliza darasa. Afumbe jicho moja, asogee mpaka afikie kioo kwa mkono, na azungushe mstari wa sabuni kufuata umbo la kichwa chake pale juu ya kioo. Halafu apime kwa rula, toka utosi hadi kidevu, na apime na kichwa chake halisi. Cha kwenye kioo ni nusu. Akirudi nyuma hatua tatu, kichwa chake kitajaa umbo lilelile la sabuni, bado nusu. Sababu ni rahisi: sura kiooni inaonekana iko nyuma ya kioo umbali uleule ulioko wewe mbele yake, kwa hiyo kioo kiko katikati kabisa ya njia. Kila siku ya maisha yake amejitazama na hakuwahi kuona hilo. Ninapenda mtoto alione kwa macho yake, kwa sababu baada ya hapo anaacha kuamini alama za kichwani na kuanza kupima.

Na kupima ndiyo kazi yenyewe. Siku ya kwanza asichore jicho hata moja. Achore yai la kichwa hafifu, mstari wa katikati kwenda chini, mstari wa nusu kwa ajili ya macho. Kati ya jicho na jicho mara nyingi inaingia nafasi ya jicho jingine. Pembe za ndani za macho zikishushwa chini hukutana na kingo za pua. Masikio hukaa takriban kati ya nyusi na chini ya pua. Kisha, na hapa walimu wengi wanaishia njiani, avilete vipimo hivyo vyote mbele ya kioo na kuuliza: mimi nimetofautiana navyo wapi? Labda macho yake yameachana zaidi kidogo. Labda kidevu ni kifupi, au nyusi moja iko juu ya nyingine. Vipimo vya kawaida vinatoa uso wa mtu yeyote. Kufanana kumekaa kwenye milimita chache anazotofautiana nazo, na milimita hizohizo ndizo anazoziita ubaya. Mchoro ukizisawazisha ili apendeze, haufanani tena, na hapo analalamika tena kwamba haufanani.

Siku nyingine afumbe macho nusu mbele ya kioo, mpaka kope zichanganyike na picha, na achore madoa ya giza tu: tundu la jicho, upande wa pua, chini ya mdomo wa chini, chini ya taya. Asiseme "hiki ni kivuli cha pua". Aseme "doa hili ni pembetatu ndefu iliyoinama". Kama ngozi yake ni nyeusi au ya maji ya kunde, aanze kwa kuupaka uso mzima rangi ya penseli au mkaa wa kuchorea, kisha afungue mwanga kwa kifutio kwenye paji, mfupa wa shavu na mgongo wa pua. Watoto wengi huzungushia uso mstari na kuuacha mweupe kama karatasi, kwa sababu mifano waliyoonyeshwa ilikuwa hivyo, halafu wanashangaa kwa nini hawajitambui. Nywele asizichore uzi kwa uzi. Umbo zima kwanza, giza lake na mng'ao wake. Nyuzi tano sita pembeni zinatosha.

Kifutio kinaruhusiwa kwa hiyo kazi ya kufungua mwanga. Kwa kufuta makosa, ningekificha wiki moja. Mstari uliokosewa akiuacha, unamwonyesha wa pili uende wapi. Akiufuta, anaanza upya bila kujua alikosea kwa kiasi gani, na kosa linarudi.

Wewe mama nawe nikupe kazi. "Wewe ni mrembo" ni neno jema, lakini hujaulizwa hilo, na mtoto analijua. Akikuonyesha mchoro, usiupe alama. Kaa karibu naye na uulize kitu kinachoonekana: mwanga unatoka wapi? Jicho lipi liko chini kidogo? Hapa chini ya taya pana giza kuliko shavuni, au mimi ndiye nisiyeona? Atakusahihisha, na akikusahihisha ujue anatazama. Kama una ujasiri, chukua karatasi na wewe ujichore pembeni yake. Wako utakuwa mbaya sana, na hakuna kitakachomfariji zaidi.

Lakini kuna upande mmoja ambao penseli haiuwezi. Umri huu uso wenyewe unabadilika, pua na taya vinakua kwa mwendo tofauti, na kuchukia sura yako wiki mbili tatu ni jambo la karibu kila mtu. Nisikilize vizuri ikiwa maneno hayo yanavuka mchoro: anakwepa vioo vyote au haachani navyo, anafunika sehemu ya uso, anauliza mara nyingi kwa siku kama kitu fulani usoni ni kibaya, hataki kwenda shule au kuonana na wenzake, anaacha kula, anazungumza habari za kujiumiza. Ipo hali ambayo mtu anaona kasoro kubwa kwenye mwili wake ambayo wengine hawaioni kabisa au wanaiona ndogo mno; mara nyingi huanza kwenye ujana, na inatibika. Hapo usingoje wiki tatu ziishe. Mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha wa vijana, na akitaja kujiumiza iwe siku hiyohiyo. Mwalimu wa sanaa, hata mzuri, siye mtu wa kazi hiyo. Na jambo dogo zaidi: kama anachora pua ikigusa karatasi au anakunja macho akitazama kioo cha hatua moja, mpime macho.

Kama hayo hayapo ila kioo bado ni kizito kwake, zungumza na mwalimu wake, kwa faragha na bila lawama. Mwalimu mwenye akili ana njia. Anaweza kumruhusu achore sehemu tu, jicho na nyusi, au mkono wake usiochora, au uso ukiwa umegeuka robo tatu. Catharina van Hemessen, mwaka 1548, alijichora akiwa kazini, brashi mkononi, na hiyo ni mojawapo ya picha za kwanza tulizonazo za msanii aliyejionyesha akiwa mbele ya picha anayoichora. Alionyesha anachofanya. Samuel Fosso, mzaliwa wa Kameruni aliyekulia Nigeria, alifungua studio yake ya picha huko Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975, naye akiwa na miaka 13 kama binti yako. Filamu ikibaki mapozi machache mwishoni baada ya wateja, aliyamaliza kwa kujipiga mwenyewe, amevaa miwani na suruali pana za wakati ule, akamtumia bibi yake picha ajue mjukuu yu mzima. Picha hizo zilikaa kwenye maboksi hadi 1994, zilipoonyeshwa Bamako, Mali, na ulimwengu wa sanaa ukamjua. Binti yako anaweza kuulizwa swali hilo la Fosso: ungependa nani aione picha hii, na ajue nini juu yako? Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico aliyelazwa kitandani baada ya ajali ya basi mwaka 1925, alifungiwa kioo juu ya kitanda, na sehemu kubwa ya kazi zake ni uso wake mwenyewe. Nyusi zilizokutana alizichora zimekutana.

Kwa leo, mwache apumzike, kesho mletee sabuni na rula. Na ile karatasi uliyoiokota, inyooshe chini ya vitabu vizito. Nyuma yake andika kwa penseli tarehe na umri wake, uiweke mahali pakavu, wala usimwambie chochote mpaka mchoro wa pili ukamilike. Akiuona wa kwanza siku hiyo, ataona kwanza kwamba macho yalikuwa juu mno.